Amri za Msingi za Sheli ya Unix: Uliza Kabla ya Kutenda

Ukimaliza kusoma mada hii uweze:
(a) kueleza maana ya sheli na kazi yake;
(b) kusafiri ndani ya mti wa saraka bila kupotea;
(c) kutumia amri za kuunda, kusoma, kunakili, kuhamisha na kufuta faili;
(d) kuunganisha amri mbili au zaidi ili zifanye kazi moja;
(e) kueleza kwa nini amri iliyoandikwa vibaya inaweza kupoteza kazi yote, na namna ya kujikinga.

1. Sheli ni nini?

Kwa watu wengi hapa kwetu, sheli ni mahali gari linapojaza mafuta. Sheli ya kompyuta ni kitu kingine. Ni programu inayopokea maneno unayoandika kwa kibodi, inayafasiri, inaupa mfumo endeshi kazi ya kufanya, kisha inakuonyesha majibu. Maneno hayo ndiyo tunayoyaita amri.

Unapotumia kipanya, skrini inakuonyesha ulipo. Folda iko wazi mbele yako, na ukitaka kufuta faili kompyuta inakuuliza kwanza, au inaipeleka kwenye pipa la taka ambako unaweza kuifuata. Sheli haina mazoea hayo. Inafanya kile ulichoandika, hapo ulipo, mara tu unapobonyeza Enter. Amri ikifanikiwa, mara nyingi haisemi lolote. Kwa hiyo anayetumia sheli ndiye anayepaswa kuuliza maswali kabla ya kutenda. Shika jambo hilo, kwa kuwa mada yote inalizunguka.

Unix ilianza kutengenezwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani. Ken Thompson na Dennis Ritchie ndio majina makubwa ya kazi hiyo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitoa Linux, mfumo unaofuata desturi za Unix na unaotolewa bure. Sheli utakayoikuta kwenye kompyuta nyingi za Linux inaitwa Bash, iliyotoka mwaka 1989. Hata simu za Android zimejengwa juu ya kiini cha Linux.

Kiswahili nacho kimeingia katika programu za aina hii. Mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Menyu hutafsiriwa, lakini amri za sheli hazitafsiriwi. Amri *ls* ni ile ile Dodoma, Helsinki au Nairobi. Ukiielewa kwa Kiswahili leo, utaitambua popote utakapoikuta.

2. Mstari wa kuandikia amri

Ukifungua sheli utaona mstari unaofanana na huu:

    mwanafunzi@maabara:~$

*mwanafunzi* ni jina la mtumiaji aliyeingia. *maabara* ni jina la kompyuta. Alama ya kiwimbi, ~, inamaanisha uko katika saraka yako ya nyumbani. Alama ya $ inakuambia kuwa sheli inasubiri amri. Alama hiyo huandikwi wewe, ipo tayari. Katika mifano ya mada hii, mstari unaoanza na $ ni amri, na mstari usio na $ ni jibu la kompyuta.

Amri ina sehemu hadi tatu, na kati ya sehemu moja na nyingine kuna nafasi:

    $ ls -l dodoma

*ls* ni jina la amri. *-l* ni chaguo, yaani namna unavyotaka kazi ifanyike. *dodoma* ni kitu kinachofanyiwa kazi. Ukiandika *ls-l* bila nafasi, sheli itatafuta amri yenye jina hilo, haitaipata, na itajibu *command not found*.

Zingatia: sheli inatofautisha herufi kubwa na ndogo. *Kongwa* na *kongwa* ni majina mawili tofauti. *LS* si *ls*.

3. Mti wa saraka

Saraka ni kile ambacho kwenye kipanya tunakiita folda: mahali pa kuwekea faili na saraka nyingine. Saraka zote zimepangwa kama mti wenye shina moja. Shina hilo linaandikwa kwa mkwaju mmoja, /.

Fikiria jinsi tunavyoelekeza mahali. Mfanyabiashara aliye Dar es Salaam akiuliza soko la mahindi la Kibaigwa liko wapi, utamwambia: Mkoa wa Dodoma, Wilaya ya Kongwa, Kibaigwa. Maelezo hayo ni sahihi popote alipo. Lakini mtu ambaye tayari yuko wilayani Kongwa utamwambia tu, "Nenda Kibaigwa." Maelezo haya mafupi ni sahihi kwa sababu ya mahali aliposimama.

Sheli nayo ina njia mbili za kuelekeza:

Njia kamili huanzia kwenye shina, kwa hiyo huanza na mkwaju. Mfano: /home/mwanafunzi/dodoma/kongwa

Njia ya kuanzia ulipo haianzi na mkwaju. Mfano: dodoma/kongwa

Njia ya kwanza haibadiliki maana. Njia ya pili hubadilika kila unapohama. Ndiyo maana amri ya kwanza ya kujifunza ni ile inayokuambia uko wapi.

4. Amri za kujua ulipo na kusafiri

*pwd* huonyesha saraka uliyomo sasa.
*ls* huorodhesha vilivyomo. *ls -l* huongeza maelezo kama ukubwa na tarehe. *ls -a* huonyesha hata faili zilizofichwa, yaani zile ambazo majina yake huanza na nukta.
*mkdir* huunda saraka mpya.
*cd* hukuhamishia saraka nyingine.

Fuatilia mfano huu mstari kwa mstari, ukichora mti kwenye karatasi:

    $ pwd
    /home/mwanafunzi
    $ mkdir dodoma
    $ cd dodoma
    $ mkdir kongwa kondoa
    $ ls
    kondoa  kongwa
    $ cd kondoa
    $ pwd
    /home/mwanafunzi/dodoma/kondoa
    $ cd ../kongwa
    $ pwd
    /home/mwanafunzi/dodoma/kongwa
    $ cd ..

Nukta mbili, .., ni saraka iliyo ngazi moja juu yako. Nukta moja, ., ni saraka uliyomo. *cd* ikiandikwa peke yake hukurudisha nyumbani. Baada ya amri ya mwisho katika mfano, uko katika saraka *dodoma*. Kama jibu lako ni tofauti, rudi mwanzo wa mfano kabla ya kuendelea.

5. Kuunda na kusoma faili

Mkoa wa Dodoma una wilaya 7, lakini una halmashauri 8, kwa sababu Wilaya ya Kondoa ina halmashauri mbili: ya mji na ya wilaya. Tutatengeneza faili yenye mistari minane. Kila mstari unawakilisha halmashauri moja, ila tunaandika jina la wilaya iliyomo. Ukiwa ndani ya *dodoma*, andika:

    $ cat > halmashauri.txt
    Kondoa
    Bahi
    Mpwapwa
    Chamwino
    Kondoa
    Dodoma
    Kongwa
    Chemba

Baada ya mstari wa mwisho bonyeza Enter, kisha shikilia Ctrl na ubonyeze D. Faili imehifadhiwa. Kuisoma, andika *cat halmashauri.txt*. Kwa faili ndefu tumia *less*, ambayo hukuonyesha ukurasa mmoja mmoja. Bonyeza q kutoka.

Sasa tuiulize faili hiyo maswali.

    $ wc -l halmashauri.txt
    8 halmashauri.txt

*wc -l* huhesabu mistari. *grep* hutafuta mistari yenye herufi ulizotaja:

    $ grep Ko halmashauri.txt
    Kondoa
    Kondoa
    Kongwa
    $ grep ko halmashauri.txt
    $

Amri ya pili haikuleta kitu, kwa kuwa hakuna mstari wenye k ndogo ikifuatwa na o. Ukiandika *grep -i ko halmashauri.txt* utapata mistari mitatu tena, maana chaguo *-i* huiambia grep isijali ukubwa wa herufi.

6. Kuunganisha amri kwa bomba

Alama | inaitwa bomba. Kama bomba la maji, hupokea kinachotoka upande mmoja na kukipeleka upande wa pili. Majibu ya amri ya kushoto yanakuwa malighafi ya amri ya kulia.

Tuseme unataka idadi ya wilaya, si ya halmashauri. Ni lazima Kondoa ihesabiwe mara moja. Amri *uniq* huondoa mistari inayojirudia, ila tu ile iliyofuatana. Katika faili yetu Kondoa ya kwanza iko mstari wa 1 na ya pili iko mstari wa 5, kwa hiyo *uniq* peke yake haitaziona kuwa pacha. Tunapanga kwanza kwa *sort*:

    $ uniq halmashauri.txt | wc -l
    8
    $ sort halmashauri.txt | uniq | wc -l
    7

Jibu la kwanza si kosa la kompyuta. Ilifanya ilichoambiwa. Aliyekosea ni mtu aliyedhani *uniq* inafanya zaidi ya inavyofanya, na sheli haikumwonya. Ukipewa swali la kueleza matokeo ya bomba, andika kinachotoka katika kila hatua kabla ya kuandika jibu la mwisho.

7. Kuelekeza majibu kwenye faili

Alama > hupeleka majibu kwenye faili badala ya skrini. Alama >> huyaongeza mwishoni mwa faili iliyopo. Tofauti ya alama moja ni kubwa. Tazama wilaya mbili za jirani zetu wa Singida:

    $ echo Manyoni > singida.txt
    $ echo Iramba >> singida.txt
    $ cat singida.txt
    Manyoni
    Iramba

Kama katika mstari wa pili ungeandika >, faili ingebaki na Iramba tu. Manyoni ingefutika bila swali, kwa sababu > huimwaga faili yote kabla ya kuandika.

Kuna mtego mwingine unaotokana na jambo hilo hilo. Usiandike hivi:

    $ sort halmashauri.txt > halmashauri.txt

Inaonekana ni sawa: panga faili, kisha hifadhi kwa jina lile lile. Lakini sheli hufungua na kuimwaga faili ya kulia kwanza, halafu ndipo huanzisha *sort*. Sort ikifika inakuta faili tupu. Mistari yako minane imepotea. Njia salama ni kuandika kwenye faili yenye jina jingine, kwa mfano *sort halmashauri.txt > mpangilio.txt*.

8. Kunakili, kuhamisha na kufuta

*cp* hunakili. Ya kwanza hubaki, na nakala hutokea.

    $ cp halmashauri.txt nakala.txt

*mv* huhamisha. Hutumika pia kubadilisha jina.

    $ mv nakala.txt kondoa
    $ mv singida.txt jirani.txt

Katika mstari wa kwanza, *kondoa* ni saraka iliyopo, kwa hiyo faili imehamia humo. Katika mstari wa pili, *jirani.txt* haikuwapo, kwa hiyo faili imebadilishwa jina. Kama *jirani.txt* ingekuwapo tayari, yaliyokuwamo yangefunikwa na kupotea. *cp* nayo hufunika vivyo hivyo.

*rm* hufuta faili. *rmdir* hufuta saraka iliyo tupu tu. *rm -r* hufuta saraka pamoja na kila kilichomo. Kinachofutwa na *rm* hakiendi kwenye pipa la taka, na sheli haina amri ya kukirudisha.

Sasa tazama mistari hii miwili:

    $ rm *.txt
    $ rm * .txt

Kinyota, *, kinasimama badala ya herufi zozote. Amri ya kwanza inafuta faili ambazo majina yake huishia kwa .txt. Amri ya pili ina nafasi moja ya ziada baada ya kinyota, kwa hiyo sheli inaona vitu viwili: faili zote, na faili nyingine inayoitwa .txt. Inafuta faili zote za saraka hiyo, ziwe za maandishi, picha au mradi wa wiki tatu. Mwishoni inalalamika kuwa .txt haipo: *No such file or directory*. Unaposoma ujumbe huo kazi imeshaharibika. Nafasi moja, kidole kimoja kilichoteleza.

9. Maswali matatu kabla ya kufuta

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mbele ya sheli, kuuliza ndiyo kinga uliyonayo. Kabla ya *rm*, au *mv* na > zinazogusa faili iliyopo, jiulize hivi:

Kwanza, niko wapi? Andika *pwd*.

Pili, amri hii itagusa nini? Andika *ls* pamoja na jina lile lile unalotaka kufuta. Ukitaka *rm *.txt*, anza na *ls *.txt*. Orodha utakayoiona ndiyo itakayofutwa. Ikiwa na kitu usichotaka kukipoteza, simama.

Tatu, nina nakala? Kama huna, tumia *cp* kwanza, na nakala iwe katika saraka nyingine.

Zaidi ya hayo, *rm -i*, *cp -i* na *mv -i* huilazimisha sheli ikuulize kabla ya kufuta au kufunika. Jibu y kukubali, n kukataa. Usipoijua amri, andika *man* na jina lake, mfano *man rm*, upate maelezo yake. Q hukutoa humo. Amri ikikwama, shikilia Ctrl na ubonyeze C.

10. Makosa ya kawaida ya watahiniwa

Kuanza amri kwa herufi kubwa kwa sababu iko mwanzo wa sentensi. Amri hubaki kwa herufi ndogo popote ilipo.

Kuandika alama ya $ kama sehemu ya amri.

Kuchanganya Unix na Windows. Katika mstari wa amri wa Windows kuorodhesha ni *dir*, kunakili ni *copy* na kufuta ni *del*, na njia hutenganishwa kwa mkwaju uliolalia nyuma, \. Katika Unix ni *ls*, *cp*, *rm* na mkwaju wa kawaida, /.

Kusema *mv* "hunakili". Baada ya *mv*, faili haipo tena mahali pa zamani.

Kutaja amri bila kueleza matokeo, wakati swali limesema "eleza".

11. Maswali ya kujipima

1. Uko katika /home/mwanafunzi/dodoma/kondoa. Andika amri mbili tofauti, kila moja peke yake ikupeleke katika saraka *kongwa*.

2. Kwa kutumia faili halmashauri.txt, andika matokeo ya *grep do halmashauri.txt* na ueleze kwa nini Dodoma imo.

3. Andika matokeo ya: *sort halmashauri.txt | uniq | grep Ch | wc -l*

4. Mwenzako ameandika *rm * .txt* lakini hajabonyeza Enter. Mweleze kitakachotokea akibonyeza, na mwandikie amri ya kutumia kwanza ili ajihakikishie.

5. Toa tofauti moja kati ya > na >>.

Majibu

1. *cd ../kongwa* kwa njia ya kuanzia ulipo. *cd /home/mwanafunzi/dodoma/kongwa* kwa njia kamili.

2. Kondoa, Kondoa, Dodoma, kwa mfuatano huo. Dodoma imo kwa sababu silabi yake ya pili ni do yenye d ndogo. Ya kwanza, Do, isingetosha.

3. 2. Baada ya kupanga na kuondoa marudio hubaki majina 7. Yenye Ch ni Chamwino na Chemba.

4. Faili zote za saraka aliyomo zitafutwa bila kurudi, kwa sababu ya nafasi baada ya kinyota. Afute mstari huo, aandike *ls *.txt*, na akiridhika na orodha ndipo aandike *rm *.txt* bila nafasi katikati.

5. > huondoa yaliyokuwamo na kuandika upya. >> Huongeza mwishoni na kuacha ya zamani yalivyo.

Kama shuleni kwenu zamu ya kukaa mbele ya kompyuta ni fupi, usisubiri zamu. Chora mti wa saraka kwenye daftari, andika amri, kisha chora mti ulivyobadilika. Mwenzako akague. Siku utakapokaa mbele ya sheli yenyewe, kabla ya kubonyeza Enter utakuwa umeshazoea kujiuliza: niko wapi, na hii itagusa nini?